Hedseti Bubu na Mwalimu wa Mgeta

Nianze na swali ambalo nimeulizwa hapa hosteli mpaka nimechoka: kwa nini usisikilize kwenye simu tu? Kwa sababu kuandika mahojiano neno kwa neno si kusikiliza. Unasikiliza sekunde tano, unasimamisha, unaandika, unarudisha nyuma, unagundua mzee alisema "tulipelekwa" na wewe umeandika "tulipokelewa", unafuta, unaanza tena. Saa moja ya mahojiano inakula saa sita za kuandika, na hapo umeme uwe haujakatika. Kazi hiyo inataka laptopu, mikono miwili kwenye kibodi na masikio yaliyozibwa. Tundu la hedfoni la laptopu yangu lilikufa kabla sijainunua, ndiyo maana bei yake ikaweza kushuka hadi mfukoni mwangu. Kwa hiyo boom lilipoingia nilishuka mjini nikanunua hedseti ya USB kwa shilingi 25,000, nikarudi chumbani, nikachomeka, nikavaa, nikabonyeza. Kimya.

Si kimya cha sauti ndogo. Kimya cha kaburi. Na wakati huohuo spika ya laptopu inaendelea kuongea kwa raha zake, rumeti wangu anageuka kitandani na kuniuliza kama nina ugomvi naye.

Ngoja niseme kilichokuwa ndani ya faili, maana bila hicho hedseti ni hedseti tu.

Ripoti yangu ya mwaka wa tatu inahusu walimu wa UPE. Mnakumbuka kwenye historia ya elimu: Azimio la Musoma, Novemba 1974, serikali ikaamua kila mtoto wa umri wa kwenda shule awe darasani ifikapo 1977. Walimu wa kutosha hawakuwepo. Vijana waliomaliza darasa la saba wakachaguliwa, wakawa wanafundisha sehemu ya siku na sehemu nyingine wanasoma ualimu wenyewe, kulekule vijijini, kwa masomo ya posta na vipindi vya redio. Mtaani wakabatizwa "Ualimu Pasipo Elimu". Utani huo bado upo, na niliusikia mara ya mwisho humu humu chuoni, kwenye foleni ya chakula.

Mwalimu niliyemhoji ni mmoja wao. Amestaafu, anaishi Mgeta, upande wa magharibi wa milima ya Uluguru. Kufika kwake unafuata barabara ya Iringa, unakata kushoto Sangasanga, halafu unapanda. Unapanda mpaka masikio yanaziba. Huko juu ni matuta ya kabichi, karoti na njegere, baridi ya kuvaa sweta mchana, na mvua ambayo haipigi hodi. Tulikaa ndani, paa la bati. Mazungumzo yalikwenda vizuri mpaka dakika ya 41, nilipomuuliza alijisikiaje kuitwa jina lile. Akanyamaza. Mvua ikaanza. Akajibu kwa sauti ya chini, akiwa anatazama mlangoni, kwa dakika kama tatu. Mtu mzima akiongea namna ile humwambii "naomba urudie kwa sauti". Nilisogeza simu karibu naye, nikaacha aongee.

Kwenye spika ya laptopu dakika hizo tatu ni mvua tupu. Bati linapiga, na chini yake kuna kitu kama mtu anayesali chumba cha pili. Msimamizi wangu alitaka sura ya nne Jumatatu asubuhi, na sura ya nne bila dakika hizo ni hesabu ya madawati. Hiyo ilikuwa Alhamisi jioni.

Sasa, laptopu yangu inatumia Linux. Niliinunua ikiwa na RAM ya 4GB na diski inayolia kama panya, na jamaa wa uhandisi akaniwekea Linux Mint, ile ya Xfce ambayo ni nyepesi. Tangu siku hiyo kila kitu kikigoma, hata chaja ikilegea kwenye soketi, watu wanasema ni Linux. Siku hiyo nilipata ushauri wa aina tatu: rudisha hedseti dukani, weka Windows, nunua nyingine. Hakuna aliyeuliza ni kitu gani hasa kimenyamaza. (Kwa taarifa tu, Linus Torvalds alianza kuandika Linux mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, miaka 21. Mimi nina 22 na nahangaika na spika za masikioni. Tuendelee.)

Jambo la kwanza nililofanya ni kuchomeka hedseti kwenye laptopu ya rumeti. Ikaongea, masikio yote mawili. Basi hedseti ni nzima, na safari ya dukani ikafa hapo.

La pili ni kuelewa nilichonunua. Hedfoni ya kawaida, ile ya pini, ni waya na spika mbili ndogo. Kadi ya sauti iko ndani ya kompyuta na ndiyo inayogeuza namba kuwa umeme wa sauti. Hedseti ya USB haiko hivyo. Imebeba kadi yake ya sauti ndani, kwenye kale kadude ka plastiki katikati ya waya au ndani ya sikio lenyewe. Ukiichomeka hujaongeza spika, umeongeza kadi nyingine nzima. Kompyuta sasa ina kadi mbili na inabidi iamue ipeleke sauti wapi. Ndiyo maana spika ya laptopu ilikuwa inaendelea kuongea: hakuna aliyeiambia inyamaze.

Bando lilikuwa limeisha. Nilidhani hapo nimekwama, kumbe mifumo ya ukoo wa Unix huja na kitabu chake tumboni. Unafungua terminali, unaandika man na jina la amri, unasomewa maelezo bila intaneti. Kiingereza chake ni cha watu walioandika saa nane usiku, lakini kinaeleweka ukisoma mara mbili.

Nikaanza na lsusb. Amri hii inaorodhesha kila kitu kilichochomekwa kwenye USB, na hedseti ilikuwemo, kwa jina. Basi waya na tundu ni wazima. Nikaandika aplay -l, ambayo inaorodhesha kadi za sauti ambazo Linux yenyewe imezitambua. Zikatoka mbili: kadi 0 ya laptopu, kadi 1 imeandikwa Headset. Basi kerneli imeshaipokea na draiva imeshapatikana. Nikaenda kwenye alama ya spika chini ya skrini, nikachagua hedseti iwe ndiyo mdomo wa kompyuta. Spika ya laptopu ikanyamaza mara moja. Hedseti nayo ikabaki kimya vilevile.

Hapo ndipo watu wengi huanza kurudia. Unachomoa, unachomeka, unazima kompyuta, unawasha, unabadilisha tundu, unarudi tundu la kwanza. Nami nilikuwa naelekea huko simu ikalia. Ni Mwalimu.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Ile kazi yetu imefika wapi? Nataka na mimi nijisikie."

Nikamweleza: sauti ipo, ila chombo cha kusikilizia kimegoma. Nilitegemea aniombee heri tu. Akacheka. Akasema redio yao ya masomo, ile ya kundi lao la ualimu, ilikuwa inanyamaza kila wiki, na kundi lilikuwa na vijana wa aina mbili: wanaoipiga kofi na wanaoiuliza maswali. "Sisi tuliuliza. Kwanza betri. Taa ikiwaka, betri tumeimaliza, haturudi tena huko hata mtu akilia. Halafu mshale. Ukizungusha ukasikia mkwaruzo, spika ni nzima, ila stesheni bado hujaipata. Halafu kile kitufe cha sauti, maana watoto walikuwa wanakichezea. Kila mahali pakijibu ndiyo, unapiga mstari, unasonga mbele."

Betri zikiwa kweli zimechoka, alisema, walizianika juani mpaka mchana ili wapate kipindi kimoja cha jioni. Hilo limeingia kwenye ripoti.

Basi nikachukua karatasi, nikaandika nani ameshajibu. Hedseti yenyewe: ndiyo, kwa rumeti. Waya na tundu: ndiyo, lsusb. Kerneli na draiva: ndiyo, aplay. Nikazipiga mstari zote tatu na kujikataza kuzigusa tena. Kilichobaki kilikuwa kidogo kuliko nilivyodhani.

Kwenye Linux sauti haitoki kwenye pleya ikaruka moja kwa moja hadi sikioni. Kuna ngazi. Chini kabisa ni ALSA, sehemu ya kerneli inayozungumza na kadi. Juu yake ni msimamizi, kwangu anaitwa PulseAudio (kwenye matoleo mapya zaidi mara nyingi ni PipeWire), ambaye kazi yake ni kama konda wa daladala: anapokea sauti kutoka programu zote, anazipanga, anazipeleka kwenye kadi iliyochaguliwa. Juu ya konda ndiyo programu zenyewe. Kimya kinaweza kukaa ngazi yoyote. Kwa hiyo nikamruka konda. Nilifunga kila kinachopiga sauti, nikaandika:

speaker-test -D plughw:1,0 -c 2 -t wav

Maana yake: peleka sauti ya majaribio moja kwa moja kadi ya 1, masikio mawili, usipitie kwa mtu. Hiyo plug mbele ya hw usiiache. Hedseti nyingi za bei yetu zinakubali kasi moja au mbili tu za sauti, kwa mfano sampuli 48,000 kwa sekunde, na faili lako likiwa la 44,100 kadi inakataa. plughw inabadilisha njiani. Ukiandika hw peke yake utapata kosa la uongo, utaanza kuwinda mnyama ambaye hayupo.

Terminali ikaandika kushoto, kulia, kushoto, kulia. Hakuna kosa lolote. Hedseti kimya.

Nikashangaa kwa furaha, kama mtu anayepata jibu baya linalomsaidia. Sauti ilikuwa inatoka hadi kwenye kadi ndani ya hedseti, na konda hakuwemo kabisa kwenye gari. Kwa hiyo kilichobaki ni kile kitufe cha sauti cha Mwalimu. Lakini kadude ka kwenye waya nilikuwa nimeshakapandisha hadi mwisho, na kwenye skrini sauti ilikuwa asilimia mia. Kuna kitufe cha tatu?

Kipo. Andika alsamixer. Skrini inageuka kuwa nguzo za rangi, kila nguzo ni bomba moja la sauti. Kwanza inakuonyesha kadi iliyo ya kwanza kwake, kwangu ilikuwa ile ya laptopu, na hapo unaweza kukaa mpaka asubuhi ukifungua bomba ambalo si lako. Bonyeza F6, chagua kadi ya hedseti. Nilipochagua, nguzo ikawa iko chini kabisa, na kwenye kikasha chake pameandikwa MM. Hizo herufi mbili maana yake bomba limefungwa. Likiwa wazi panaandikwa 00, na nadhani aliyebuni hilo hakuwahi kufundisha darasa la kwanza, maana sifuri mbili ndizo zinazoonekana kama hakuna kitu. Nilibonyeza M, MM zikageuka 00. Nikapandisha kwa mshale hadi sabini na kitu.

Sauti ya mtu ikaniambia sikioni, kwa Kiingereza, upande wa kushoto. Halafu upande wa kulia. Rumeti aliamka kwa kelele yangu mimi, si ya hedseti.

Nikaenda dakika ya 41 palepale. Mvua ilikuwepo bado, lakini sasa ilikuwa juu na yeye akawa chini yake, kama vitu viwili tofauti. Alisema: walitucheka, na kweli tulikuwa tunafundisha leo tulichosikia jana. Alisema kuna siku redio haikuongea kabisa, akaingia darasani na watoto sabini bila somo, akawauliza wao wanajua nini, wakamfundisha majina ya Kiluguru ya miti ishirini na tatu, naye akawafundisha kuyaandika. Halafu akasema, na hapa sauti yake ilishuka zaidi: "Hao waliotuita hivyo, barua walizoandika kwao kutoka mjini, nani aliwafundisha kuziandika?"

Niliandika hadi saa tisa usiku.

Ijumaa asubuhi nikachomeka tena. Kimya. Nakwambia ukweli, nilitaka kuirusha hadi Kilakala. Lakini karatasi ilikuwa ukutani, mistari ipo, kwa hiyo nilienda moja kwa moja kwenye alsamixer. MM tena. Kwa hiyo swali halikuwa tena bomba liko wapi, ila kwa nini linajifunga, na nani alitakiwa kulifungua.

Jibu lilikuwa kwa konda. Kuna programu inaitwa pavucontrol, ukurasa wake wa mwisho unaonyesha kila kadi na mpangilio wake. Kadi yangu ilikuwa imewekewa mpangilio wa kidijitali, ule wenye jina IEC958. Huo ni mpangilio wa waya wa kidijitali unaokwenda kwenye amplifaya za sebuleni, na hedseti yangu haina mahali pa kuuchomeka waya wa namna hiyo. Kadi nyingi za bei nafuu hutangaza hata vitu zisivyo navyo, na PulseAudio huamini tangazo. Ikishaamini, kitelezi cha sauti kwenye skrini kinapunguza na kuongeza namba tu, hakigusi bomba la ndani ya hedseti. Kila nikichomoa na kuchomeka, hedseti inaanza upya na bomba lake limefungwa, na wa kulifungua hayupo. Kwenye laptopu ya rumeti mfumo unaligusa bomba lenyewe, ndiyo maana iliongea.

Nikabadilisha mpangilio kuwa wa analogi, masikio mawili na maiki. Tangu siku hiyo haijanyamaza. Kama nawe unayo ya namna hii, anza na ukurasa huo wa pavucontrol kabla ya yote, utaokoa usiku mmoja. Na usizoee namba ya kadi, maana ukiwasha kompyuta hedseti ikiwa imeshachomekwa kadi 1 inaweza kuwa 0. Tumia jina: plughw:CARD=Headset, au jina lolote ambalo aplay -l inakupa.

Kinachonisumbua ni kwamba ujumbe wote niliosoma usiku ule, kila herufi, ulikuwa wa Kiingereza, na mimi nimekifundishiwa tangu kidato cha kwanza. Mwanafunzi wangu wa fildi mwaka jana angeishia kwenye mstari wa pili. Haikuwa lazima iwe hivi. Mwaka 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwenye mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili, na walilazimika kukaa chini na kuamua file ni faili na delete ni futa. Walionyesha kwamba inawezekana. Lakini menyu ni mlango wa mbele. Jikoni, kwenye terminali, kule ambako mtu anauliza kwa nini kitu kimenyamaza, Kiswahili hakijafika. Na kozi zetu za TEHAMA zinakaa sebuleni hukohuko: bonyeza hapa, kisha hapa, hifadhi. Sijawahi kupewa mtihani wenye kitu kilichoharibika. Tunaandaliwa kwenda kufundisha shule zenye kompyuta kumi, nane mbovu, na hatujafundishwa kuzihoji.

Sura ya nne iliingia Jumatatu saa nne asubuhi. Msimamizi ameweka alama ya kuuliza kwenye sehemu mbili tu, zote dakika ya 43, ambapo mvua ilizidi hata hedseti. Moja ni jina la mti wa nane kwenye orodha ya watoto. Nyingine ni neno moja kabla ya "barua", ambalo mimi nasikia "zile" na rumeti anasikia "zetu". Tofauti si ndogo. Jumamosi napanda Mgeta kumuuliza mwenyewe. Laptopu na hedseti vyote naenda navyo, maana ameshapiga simu mara mbili kuuliza zamu yake ya kujisikia ni lini.